Jina Moja Kileleni

Hapo zamani, nyinyi mkiwa bado hamjafikiriwa, njaa ilipiga kambi milimani Mrindi. Nakijwa alikuwa na mimba ya kwanza. Na huko Mrindi mjamzito alikatazwa mayai: akila, walisema, atazaa mtoto kipara! Msicheke. Waliamini hivyo, na msimamizi wa mwiko huo alikuwa mama mkwe wake, Bibi Namcharo, mkali kweli kweli.

Wanawake wengine mwaka ule walizaa watoto wadogo, wadogo mno. Mpaka leo, waliozaliwa hivyo wakipanda mlima, vifua vyao hubana. Si uvivu, njaa iliwakuta tumboni. Nakijwa yeye akamzaa Nanzia, binti mzito, mwenye kilio cha kuamsha kijiji kizima.

Miaka ishirini ikapita. Siku ya mbio za mlimani, Nanzia akawaacha wote, wanaume kwa wanawake! Vigelegele, ngoma, watu wakalia kwa furaha. Hata mimi nililia. Sasa, desturi ya Mrindi ni hii: kabla hajanywa maji, mshindi hutaja jina moja, la mtu aliyempa pumzi. Anayetajwa hupewa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Ukitaja mawili, mtamba anarudi zizini.

Baba yake, Senkondo, akasema, "Mwanangu, nitaje mimi. Miezi yote tisa mama yako hakubeba mtungi wala kuni. Nilibeba mimi, na njaa yangu tumboni, wanaume wenzangu wakinicheka njia nzima."

Bibi Namcharo akasema, "Mjukuu wangu, nitaje mimi. Nilikuwa na kuku mmoja tu. Kila yai lake nililikorogea kwenye uji wa mama yako, kwa siri. Mwiko nilioulinda maisha yangu yote, niliuvunja mwenyewe."

Watu wakashika midomo. Nakijwa akacheka.

"Siri gani, mama? Nilijua kwa harufu tangu siku ya kwanza. Nikaogopa, nikatapika, nikaomba bakuli jingine. Mwanangu, nitaje mimi. Ungezaliwa kipara, ambaye angefukuzwa ni mimi."

Nanzia akapapasa nywele zake, tele kichwani, nasi tukaangua kicheko. Midomo ilimkauka, kibuyu cha maji kikimngoja. Akawatazama wote watatu, machozi yakimtoka. Akavuta pumzi ndefu, ile ile waliyompa, akafungua kinywa.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mmeshiba: jina lilikuwa moja tu. Je, nani alistahili kutajwa?