Mshubiri wa Talaso

Maji ya papa huozesha mshubiri. Mmeisikia leo mkacheka, eti papa na mshubiri wamekutana wapi! Walikutana uani kwa Bi Mwanashee, kule Kiunga, na methali yenyewe ikazaliwa papo hapo.

Mwanawe, Mbwarahaji, alikuwa akipeleka ng'onda, samaki wa kukaushwa, bara kuuza, hata safari moja akarudi na mke kutoka jangwa la Chalbi. Talaso alikuja na mshubiri aliouchimbua nyuma ya nyumba ya mama yake, akaupanda karibu na mlango wa jiko.

Bi Mwanashee alimpenda mkwewe kupita kiasi. Kila asubuhi aliumwagia ule mshubiri ndoo nzima ya maji, usije ukaona kiu ugenini. Talaso alijua mmea huo hautaki maji mengi, lakini kwao mke hamkatazi mama mkwe jambo. Majani yakalegea, naye akazidi kukonda. Alitamani kwao: vumbi lile, upepo mkavu, sauti ya mama yake akiwaita mbuzi. Bi Mwanashee alipomwona mnyonge akamzidishia samaki, akawaita majirani waje kumchangamsha. Nyumba ikawa haina hata pembe ya mtu kulilia.

Siku moja Mbwarahaji alileta papa mzima kwenye karai la maji ya bahari, wa ile aina ndogo ambayo hata akikomaa hazidi urefu wa mkono, ili mkewe acheke. Talaso alimtazama, akamtoa, akamlaza mchangani juani.

"We mwana! Utamuua!" Bi Mwanashee alipiga ukelele.

"Namhurumia, mama. Amelowa tangu azaliwe. Kwetu tukipendacho hatukilowanishi."

Bi Mwanashee akamnyakua papa, akamrudisha majini. Kisha akageuka kuutazama mshubiri. Alipoushika, jani likamng'okea mkononi, limeoza.

"Kumbe na wewe nakuozesha, mwanangu?"

Talaso akaangua kilio. "Niruhusuni niende kwetu, mama. Nikauke kidogo."

Mbwarahaji akamsindikiza. Majirani wakamsuta Bi Mwanashee: mkwe mzuri hivyo, unamwachiaje aende? Na yeye mwenyewe alikuwa na hamu naye mno. Mara nyingine alipakua sahani ya Talaso kwa mazoea, akairudisha chunguni. Angerudi? Hakujua. Waliomuuliza aliwajibu neno moja tu:

"Maji ya papa huozesha mshubiri."