Pimbi na Bei ya Sindano

Sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muhogo, utafune kimya kimya. Haya yalitokea zamani sana, wakati wanyama walikuwa bado wanalala vitandani na kugombana nani atatandika asubuhi.

Palikuwa na kijiji juu milimani, na baridi yake ilikuwa ya kugandisha kamasi puani. Kila nyumba ililala chini ya mfarishi. Mnaujua mfarishi? Ni kitambaa juu, bitana chini, pamba katikati, na vyote vitatu vinashonwa pamoja kwa mishono mingi ili pamba isihame. Usiposhonwa vizuri, baada ya wiki mbili unaamka pamba yote imejazana vidoleni na tumbo lako liko nje linapigwa na upepo.

Kitambaa cha juu kila mtu alijiungia mwenyewe kwa viraka. Lakini kuyashona matabaka yote matatu ilikuwa kazi ya mnyama mmoja tu, Bi Sikuzani Pimbi. Mwili wake haukumzidi paka aliyeshiba. Alikuwa na watoto wanne na cherehani moja, na cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha wote watano.

Haikuwa cherehani ya kawaida. Ya kawaida ina mkono mfupi, mfarishi hauingii. Hii mkono wake ulikuwa mrefu kama kitanda, nayo ilisimama juu ya fremu ya mbao na kukimbia huku na huko juu ya reli mbili, Pimbi akiiongoza kwa mikono yake miwili: tra-tra-tra-tra-tra. Alikuwa ameinunua kwa mavuno ya miaka sita.

Bei yake ilijulikana. Alipima urefu, akapima upana, akauliza unataka mishono ya karibu karibu au ya mbali mbali, kisha akataja. Mfarishi wa kindi, nusu debe la viazi. Mfarishi wa mbuzi, madebe mawili. Hakuna aliyelalamika, mpaka siku Mama Tembo alipomwoza binti yake, Mwajabu.

Mama Tembo alifika Jumapili asubuhi na furushi ambalo mimi na nyinyi wote tungeweza kulala ndani yake na nafasi ikabaki. Arusi ilikuwa Jumamosi. Pimbi alipima. Ilimbidi atembee kutoka mwisho mmoja wa kitambaa hadi mwingine, na njiani akapumzika mara moja.

"Madebe kumi na mawili," alisema.

Mama Tembo aliuangusha mkonga chini, pwaa. "Kumi na mawili? Kwa kupitisha sindano tu, shoga yangu?"

Sasa siku hiyo alikuwepo pia Bwana Nyati, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa amekuja kuchukua mfarishi wake, na kama kawaida yake akakaa kwenye benchi la wateja, akilijaza lote, akinywa uji ambao hakukaribishwa.

"Nimekaa hapa nikitazama," alisema Nyati. "Mfarishi wangu, sindano imeanza kupita baada ya chai, ikamaliza kabla ya adhuhuri. Mama Tembo, huyu anakuuzia nusu siku kwa madebe kumi na mawili. Mimi nalima siku nzima kwa debe moja."

"Unalala chini ya mkuyu siku nzima," alisema Pimbi taratibu.

Nyati alijifanya hakusikia. Alitoka nje, akapiga kwato kwenye mlango, gu-gu-gu, mpaka majirani wakakusanyika. Akatangaza kwamba kuanzia leo Pimbi atalipwa sindano tu. Wakati sindano inapita, analipwa. Isipopita, halipwi. Na mfarishi wa ukubwa wowote ni debe moja.

"Akikataa," alisema, "cherehani hii nitaibeba kwa pembe moja niiweke nyumbani kwangu, tutafute mwingine wa kuitumia."

Pimbi aliitazama pembe ile. Akaitazama cherehani yake. Kidevu kilianza kumtetemeka, akakishika kwa mkono ili watu wasione. Watoto wake walikuwa wamejipanga dirishani, masikio manane juu ya kizingiti, nao walikuwa wamesikia kila neno. Debe moja kwa mfarishi wa tembo! Kwa bei hiyo wangekula viazi siku mbili na maji siku nne.

Pimbi akauliza kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, "Mwenyekiti, naomba nielewe. Ninalipwa kupitisha sindano, basi?"

"Basi."

"Si kitu kingine chochote?"

"Nimesema sindano. Una masikio madogo, lakini unayo mawili."

"Naomba useme tena, hawa wa nyuma hawakusikia."

Nyati alipenda sana kusikilizwa. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka kuku wa jirani wakaruka. Pimbi akainamisha kichwa. "Sawa, Mwenyekiti. Sindano peke yake. Mama Tembo, karibu kesho asubuhi. Na wewe Mwenyekiti, kwa kuwa ni amri yako, ungekuja kusimamia."

Jumatatu wakaja wote wawili. Walimkuta Pimbi ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai mkononi.

"Tumefika," alisema Mama Tembo.

"Karibuni. Ikiwa tayari mtaniambia."

"Ikiwa tayari nini?"

"Kazi. Sindano yangu ipo, inangoja tu. Bitana hiyo ina mikunjo, lazima ipigwe pasi. Pamba hiyo ina mbegu, lazima ichambuliwe. Kisha mtaitandaza sawasawa, mtabana vitambaa kwenye fremu, mtakaza, mtachora mistari kwa chaki, mtajaza nyuzi kwenye bobini, mtatia mashine mafuta. Zamani nilikuwa nafanya mimi, lakini hayo si sindano."

Mama Tembo alimtazama Nyati. Nyati akakohoa. "Ni vitu vidogo hivyo," alisema. "Tutamaliza kabla ya chakula cha mchana."

Nyati akachukua pamba. Mmewahi kumwona nyati akichambua mbegu za pamba kwa kwato? Kila alichokishika kilimponyoka. Akaamua kutumia ulimi. Pamba ikamganda mdomoni, ikampanda puani, akapiga chafya: hachaaa! Pamba yote aliyochambua tangu asubuhi ikapaa hadi darini, kisha ikateremka polepole juu yake. Mzee Kobe alipita mlangoni, akaona kichwa cheupe kabisa, akavua kofia. "Shikamoo, babu," alisema, akaenda zake.

Mama Tembo naye alikuwa na pasi ya mkaa. Alipuliza makaa kwa mkonga ili yawake, na majivu yote yakahamia kwenye bitana. Akaifua. Akaianika. Huko juu milimani nguo hukauka ikipenda. Siku ikaisha.

Jumanne walirudi. Nyati aliuliza, "Bi Sikuzani, hizi mbegu ndogo ndogo nazo zinatoka?"

"Ningekuonyesha, Mwenyekiti, lakini kuonyesha kuna bei yake na wewe umeizuia."

"Nauliza tu."

"Na mimi nakunywa chai tu."

Kufikia jioni mgongo wa Nyati ulikuwa unauma kama amelima kweli. Mama Tembo alikuwa akipima kona za kitambaa kwa kamba, na kila akipima kona ya nne ilikuwa mbali na wenzake. Alipima mara tisa. Mwishowe aliketi sakafuni na nyumba ikatikisika.

"Shoga," alisema kwa sauti ndogo, "wewe huwa unafanya haya yote peke yako?"

"Kila mfarishi."

"Kwa muda gani?"

"Wako ungenichukua siku mbili, na sehemu ya usiku. Wakati wewe unatazama, unaona sindano. Kabla hujafika huwa nimemaliza mengine."

Mama Tembo alikuwa anahesabu siku zilizobaki kabla ya Jumamosi, na hakupenda alichokipata.

Jumatano, kabla ya adhuhuri, mfarishi ulikuwa juu ya fremu. Nasema juu ya fremu kwa heshima tu. Ulikuwa umelegea kama ulimi wa mbwa, upande mmoja pamba imerundikana, upande mwingine hakuna kitu. Nyati, hoi bin taabani, akaketi ukingoni mwa fremu, mgongo kwa mashine, akasema, "Haya. Pitisha sindano yako."

"Mnasema ni tayari?"

"Tayari. Pitisha."

Pimbi akaweka kikombe chini, akashika mashine. Tra-tra-tra-tra-tra. Ikapita kwenye mkunjo, ikaushona mkunjo. Ikapanda kilima cha pamba, ikashuka upande wa pili.

"Simama kidogo," alisema Mama Tembo. "Hapo pamekunjamana."

"Kutazama palipokunjamana ni kazi ya macho," alisema Pimbi bila kusimama. "Ninalipwa sindano."

Tra-tra-tra. Mbele yake, juu ya kitambaa cha bibi arusi, palikuwa pamelala mkia wa Mwenyekiti, na singa zake ndefu zimetawanyika kama ufagio. Pimbi aliuona. Siwezi kuwadanganya, aliuona vizuri kabisa. Nyama hakuigusa hata kidogo. Lakini zile singa alizipitia kwenda, akazipitia kurudi, kisha akafanya na ua dogo la mviringo hapo juu, ambalo hakuna aliyemwagiza.

"Tayari," alisema, akakata uzi. "Debe langu moja."

Nyati akasimama. Mfarishi nao ukasimama. Akapiga hatua, na mfarishi ukachomoka kwenye fremu, ukamfuata nyuma kama mkia wa tausi. Akageuka kuutazama, mfarishi ukageuka naye. Akazunguka mara tatu, akaangusha benchi, akatoka mlangoni kinyumenyume, na hapo nje palikuwa na nusu ya kijiji iliyokuja kuona kazi ya siku tatu.

Mbuzi alikuwa wa kwanza kusema. "Hongera, Mwenyekiti. Bwana arusi ni nani?"

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Nyati alimgeukia Pimbi, macho mekundu, pua inafuka moshi. "Umenishona mkia."

"Singa tu. Sisi ukoo wetu hatuna mikia, Mwenyekiti. Sikujua mtu akiketi anauweka wapi."

Nyati aliinamisha pembe zake, akaielekea ile cherehani. Pimbi aliruka mbele yake akasimama katikati, mdogo kuliko kwato la mbele. Kidevu kilimtetemeka tena, na safari hii hakukishika.

Aliyemzuia Nyati alikuwa Mama Tembo. Alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya pindo la mfarishi, na Nyati alipojaribu kwenda mbele, singa zilivutika na macho yakamtoka machozi.

"Kaa chini," alisema Mama Tembo. "Huu ni mfarishi wa binti yangu. Leo Jumatano. Arusi Jumamosi. Nilikuja hapa kwa fundi, wewe ukanigeuza mchambua mbegu. Ukiivunja hiyo mashine, Mwajabu atajifunika wewe."

Nyati akakaa chini.

Mama Tembo akamgeukia Pimbi. Alijua sasa yuko mikononi mwa fundi. Kufumua mishono yote, kumfungua Mwenyekiti, kuanza upya, tena kwa haraka namna hii: fundi yeyote angetaja madebe ishirini na nne, na yeye angelipa. "Sema bei, shoga yangu," alisema. "Sibishani."

Pimbi akachukua kamba yake. Akapima urefu, akapima upana, akauliza, "Mishono ya karibu karibu au ya mbali mbali?"

"Karibu karibu."

"Madebe kumi na mawili. Na kumfungua huyu, debe moja, atalipa mwenyewe."

Mama Tembo alishangaa. "Kumi na mawili yale yale? Mbona hukuongeza, na nimeshakwama?"

"Kukwama kwako hakukuongeza upana wa kitambaa," alisema Pimbi.

Akachukua mkasi mdogo. Nyati aliketi ametulia saa nzima huku mishono ikifumuliwa mmoja mmoja, kwa maana hata yeye alikuwa amejifunza kwamba fundi hasukumwi akiwa nyuma yako na mkasi. Alipofunguliwa aliondoka bila kuaga, na jioni likaonekana debe moja la viazi mlangoni kwa Pimbi. Amri yake haikutajwa tena na mtu yeyote, hasa yeye.

Jumamosi Mwajabu alitandikiwa mfarishi ulionyooka kila kona, mishono ya karibu karibu kama mbegu za boga, na Mama Tembo akaleta madebe yake kumi na mawili, ya kujaa, si ya kusawazishwa. Watoto wa Pimbi walikula wakalala matumbo juu.

Funzo langu ni hili, kisha mkanawe mikono: kabla hujamwambia fundi kazi yake ni rahisi, ifanye wewe kwanza.