Sori ya Nguchiro

Hadithi, hadithi?
*Ilete, tumeshakaa.*
Ina aibu ndani yake.
*Ilete hivyo hivyo.*

Hapo kale, bondeni, palikuwa na Nguchiro aliyewahi kufugwa nyumbani kwa mwalimu wa Kiingereza. Alikaa kule msimu mmoja, akarudi na mwendo wa maringo na neno moja: sori.

Neno hilo, jamani, lilifanyishwa kazi. Akimkumba Chura njiani, sori. Asiposikia alichoambiwa, sori? Akitaka apishwe kisimani, sori, sori, sori. Sungura alipofiwa na shangazi yake, Nguchiro akaenda matangani akasema lile lile, na waliokaa mkekani wakanong'onezana kwamba msomi hata pole yake ni ya peke yake.

Asubuhi moja alikuwa akipita nyasini, anajitazama kivuli, akasikia kitu kikipasuka chini ya mguu. Mayai ya Kware. Yalikuwa matatu, na yote matatu yamekwisha. Akapangusa nyayo kwenye majani, akaenda zake.

Kware aliporudi alilia mpaka bonde likanyamaza. Wanyama wakakusanyika, wala hawakuona haja ya kuchunguza: mla mayai si anajulikana? Wakamkamata Kenge. Kenge akaapa kwamba tangu alfajiri alikuwa mtoni. Wakamcheka, wakamwambia kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Hukumu ikatoka: jua likifika utosini, ahame bonde, yeye na wanawe.

Nguchiro akamwendea Kware.

"Sori, dada."

"Asante, nimeshapoa."

Akaondoka moyo mwepesi, si amesema? Mara akamwona Kenge anawakusanya wanawe. Akarudi.

"Sori sana, dada."

"Asante, nimeshapoa."

Akaondoka tena. Akamsikia kitinda mimba wa Kenge akimuuliza mama yake kama huko waendako kuna maji. Akarudi mara ya tatu.

"Sori, dada. Sori kabisa."

Kware akainua macho mekundu. "Nguchiro, msiba mmoja pole moja yatosha. Hizi nyingine za nini?"

Wanyama wote waliokusanyika pale wakamgeukia. Bondeni kwao, aombaye radhi hutaja alichofanya, kwa kinywa chake, mbele ya aliyemkosea. Hilo Nguchiro alilijua kabla hajamjua mwalimu. Akafungua mdomo, sori ikaja mbele mbio. Akaimeza.

"Ni mimi," akasema. "Nimeyakanyaga mayai yako, nikapangusa miguu, nikanyamaza Kenge akihukumiwa. Niwie radhi, dada. Nawe Kenge, niwie radhi."

Hakuna aliyemsifu. Kenge akawarudisha wanawe majini bila kumtazama mtu, na wale waliomcheka wakawa hawajui macho wayaweke wapi. Kware akampa Nguchiro mgongo, akaanza kuokota maganda. Nguchiro akainama akaokota naye. Waliyamaliza bila neno. Kama alisamehewa, sijui. Na yeye, mpaka leo, anaona haya kuuliza.

Basi, wenzangu, ukimkosea mtu mtajie kosa lako, usimtupie neno akalihangaikie mwenyewe.

Ngano yangu nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe. Na aliyeninywea uji wangu nilipokuwa nasimulia, aseme. Kwa Kiswahili.