Jina Moja Nyuma ya Santuri

Wenye masikio, kaeni tayari kuhukumu.

Tanga palikuwa na bendi ya roki iitwayo Radi Saba. Salehe Kombo Makame, mpiga gitaa, alijaliwa kutunga. Fidelisi Mhina Semkiwa alijaliwa sikio: akisikia gitaa mara mbili, hulirudisha lilivyo. Tabitha Chamshama alijaliwa sauti. Kiongozi wao alikuwa mpiga dramu, Yohana Mbelwa. Na desturi yao ilikuwa hii: nyuma ya jalada la kila santuri huandikwa jina moja tu, la mwenye santuri.

Salehe alitunga nyimbo zote nane, akazipiga kwenye kaseti. Wiki mbili kabla ya kurekodi alitundika gitaa ukutani, akaondoka bila kuaga. Yohana alikuwa amepiga naye miaka kumi na mmoja. Hakulia. Kifua kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Fidelisi akaletwa kushika nafasi yake, akapewa kaseti. Alijifungia siku tisa na redio ya kaseti yenye betri zilizochoka. Kaseti ikazunguka polepole, nyimbo zikajikokota, naye, asiyewahi kuzisikia, akazishika vivyo hivyo, nzito na za chini.

"Ndugu yangu, huu muziki au maziko?" Tabitha alimwuliza studio.

"Ndivyo zilivyo, dada. Nimeshika hata kikohozi cha mtunzi."

Studio ilikuwa yao siku ile moja tu. Tabitha akaishusha sauti hadi mahali ambapo hata yeye hakupajua. Fundi mitambo akafuta macho. Yohana akapiga taratibu, bila kuhisi kitu.

Baadaye kaseti ikapigwa kwa betri mpya: kumbe nyimbo zilikuwa za mwendo wa kasi. Sasa mpiga chapa anangoja jina.

Salehe ametuma barua: "Bila nyimbo zangu mngepiga nini? Nitajeni, nitarudi."

"Zilikuwa za kuchezea harusini," asema Fidelisi. "Nani alizipa uzito?"

"Betri!" Tabitha amjibu. "Lako lilikuwa kosa, mwana wa Mhina. Aliyeligeuza kosa likawa wimbo ni nani?"

Nao wawili wameapa: asiyetajwa, ataondoka.

Yohana ameshika kalamu tangu asubuhi. Anawatazama mmoja mmoja, na barua ile mezani, akingoja moyo umwambie neno. Moyo kimya.

Basi mwandikieni ninyi. Je, wewe uliyesikiliza, ungeandika jina la nani?