Herufi Mbili za Mwalimu

Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wakiwasuta wavivu peke yao. Hata hodari, tena hodari wa kusifiwa, anaweza kukikosa cha mvunguni kwa sababu tu shingo yake imezoea kusimama wima. Ndivyo yalivyotaka kumfika binti mmoja ambaye jamaa zake wote walimwita Kamusi.

Jina hilo hakulipata bure. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na tangu utotoni walikuwa na mchezo wao. Baba alionyesha kwa rula herufi mbili tatu kwenye ubao wa herufi, naye binti alitaja maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo mpaka pumzi imwishie. Kanuni ilikuwa moja: mwenye rula hafungui mdomo. "Mchezo huu ni wa macho, mwanangu," baba alizoea kusema. Binti akakua, akawa mwalimu kama baba, na mpinzani wa kumweza akakosekana.

Kisha kiharusi kikampiga baba. Alirudishwa nyumbani kutoka hospitalini akiwa amelala chali, mwili umepooza, ulimi umefungwa. Kilichobaki chake ni macho, ambayo aliyafumba kusema ndiyo. Siku ya pili tu akagoma kumeza dawa. Kila kidonge kilipokaribia alikaza midomo, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. Muuguzi wa jirani alikuwa amekwisha kuwaonya: dawa ikikatizwa, kiharusi kinaweza kurudi, na kikirudi hakitabisha hodi.

"Nenda kalete ule ubao wenu," mama alimwambia Kamusi, akisokota ncha ya mtandio. "Muulize anataka nini. Moyo wangu hautulii."

Kamusi akautoa ubao stoo, akaupangusa vumbi, akauegemeza kwenye kigoda miguuni pa kitanda. Akasimama wima kando yake na kuanza kupitisha rula kimya kimya, mstari kwa mstari, kama zamani. Baba akafumba macho kwenye A. Akafumba tena kwenye H. Rula ikashuka mistari ya chini, lakini macho yakabaki wazi, yakimkodolea. Kamusi akarudia. A na H, basi.

"Ah, hizo tu? Sasa hivi nalipata!" alisema, akijikaza kuchangamka.

Akataja *hat*, kofia ikaletwa. Baba hakufumba macho. Akataja *bath*, mama akakimbia kuleta beseni la maji. Wapi! *Hand*, *chair*, *shadow*. Maneno yalimtoka kama mahindi yanayopukuchuliwa, na kwa kila neno macho ya baba yalizidi kujaa maji. Kamusi alianza kutokwa jasho. Hapo ndipo neno jingine lilipomjia, likamkwama mdomoni: *death*. Kifo. Lina A, lina H. Je, baba anaomba aachwe afe? Aliogopa kulitamka, maana aliogopa kuyaona macho yale yakifumba.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Sijui kabisa."

"Basi yatosha! Mshike taya, mimi nimtie kidonge. Siwezi kukaa kitako nikimtazama mume wangu akiniponyoka kwa ukaidi."

Mama alikwisha kushika kidonge na kikombe cha maji. Baba alitoa mguno mmoja mzito, macho yakamtoka pima. Kamusi akasogea kichwani pa kitanda kumshika taya, rula ikamponyoka na kuteleza mvunguni.

"Iache hiyo!" mama alifoka.

Lakini ilikuwa rula ya baba. Kamusi akapiga magoti, akauingiza mkono mvunguni, shavu lake likagusa godoro karibu kabisa na shavu la mgonjwa. Alipoinua macho kuutazama ubao, moyo ulimlipuka. Ubao mpana wa kitanda, ule wa miguuni, ulikuwa umeifunika nusu nzima ya chini ya ubao wa herufi. Pale alipolala baba, herufi zilikoma kwenye N.

"Mama, subiri! Usimpe!" alipiga kelele. "Mistari ya chini haioni! D ya *death* anaiona, E anaiona, na hakuzichagua. Haombi kufa, Mama. Haombi kufa!"

Mama hakuelewa lolote, lakini kidonge alikiweka chini. Kamusi akaupandisha ubao juu zaidi, akapiga magoti tena kuhakikisha, ndipo akapitisha rula. Safari hii baba alifumba macho bila kusita: T, H, R, O, A, T.

"Koo!" Kamusi alilia. "Koo linamuuma!"

Muuguzi aliitwa mbiombio. Alimulika kwa tochi, akakitoa kidonge cha jana kilichonasa nyuma kabisa ya ulimi, pamechubuka na kuvimba.

"Mngemsukumia kingine juu ya hiki, angepaliwa mikononi mwenu," alisema. "Dawa zake tutazibadilisha, asipewe kidonge kizima tena."

Mama akajifuta machozi, akamtazama binti yake. "Kamusi nzima, neno moja likakushinda!"

Kamusi alikuwa amepiga magoti tena, paji lake kwenye mkono wa baba, akilia kwa haya na kwa furaha. Alikuwa na maneno yote kichwani, lakini lililohitajika halikuonekana mpaka aliposhusha kichwa hicho hadi kwenye mto wa mgonjwa. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.