Kondoo Mwenye Utepe Sikioni

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mjane mchamungu akiitwa Bi Zulfiya, mchuuzi wa majani ya chai. Mwaka mmoja alifuatana na msafara wa Waislamu uliokatiza nchi ya milima mirefu, ambayo watu wake hufuata dini ya Budha. Nchi ya amani ile: mgeni hupishwa njiani, bendera za dua hupepea kila kilele, na milango hailali na komeo.

Idi ya kuchinja ikawakuta huko katika bonde moja, chakula kimebaki unga wa shayiri mtupu. Mara wakamwona kondoo dume, kanona, anajilia majani peke yake, sikioni ana utepe mwekundu. Amiri wa msafara, Burhani, akachomoa kisu.

"Alhamdulillahi! Riziki imejileta yenyewe."

Bi Zulfiya akasimama kati ya kisu na kondoo. Aliwahi kupita bonde lile na marehemu mumewe, akaijua lugha ya watu wake na ada zao.

"Amiri, huyu ana mwenyewe. Hapa mtu akiuguliwa humkomboa mnyama asichinjwe, humtia utepe, akamwacha aishi mpaka ajifie. Hiyo ni nadhiri ya mtu."

"Nadhiri ya makafiri, bibi wee! Hawa si Waislamu."

"Wao si Waislamu. Wewe je?"

Watu wakainamisha nyuso. Mmoja akakohoa kuficha kicheko. Burhani akaghadhibika. "Ondoka hapo, au nyumbu wangu humpandi tena. Utabaki na theluji."

"Nina miguu," akasema, wala hakusogea. Moyoni aliogopa, maana theluji ya vilele vya mbele huua. Lakini hofu yake hakumpa Burhani aifurahie.

Wakiwa katika kuvutana, akatokea mama wa bonde lile, Yangzomu, mwenye kondoo. Akakiona kisu, akauliza kuna nini. Burhani akamnong'oneza Bi Zulfiya, "Mwambie tunamkata sufu. Tusitiri, dada yangu."

"Leo nimekuwa dada!"

Bi Zulfiya akamgeukia Yangzomu, akamweleza yote bila kupunguza. Yule mama akaenda kusimama kando ya kondoo wake. Akasema kondoo yule alimkomboa kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akitapika damu, naye sasa anatembea. Kisha akamshika kondoo pembe, akaondoka naye, asimtukane mtu.

Burhani akatimiza tishio lake. Bi Zulfiya akajitwika mzigo, akaufuata msafara kwa nyuma, theluji ikimfika magotini, asimlalamikie yeyote. Kila waliposimama kupumzika, walimwona anakuja. Kwenye kilele cha mwisho Burhani akashuka, akamletea nyumbu, macho chini.

"Nisamehe, mama."

"Mimi umeninyima nyumbu tu. Uliyemkosea yuko kule nyuma. Kamwombe yeye."

Burhani akaitazama theluji aliyokwisha kuivuka, akaitazama tena. Kisha akamwachia hatamu, akarudi alikotoka.

Enyi waumini, wako watu wakifika ugenini hujihalalishia vya wenyeji, kana kwamba Malaika wawili waandishi wa matendo hubaki mpakani kuwangoja warudi. Hawabaki.