Bangili ya Dada Qiulan

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, leo tunakwenda mbali. Tunakwenda Uchina ya kale, penye mto uliofunikwa na ukungu mweupe kama maziwa. Ndani ya mto huo mlikuwa na mawe ya kijani, laini, ya baridi. Watu wa huko waliyaita yu, wakayachonga kuwa mapambo na vyombo vya ibada.

Nchi hiyo ilikuwa ya Mfalme Gao. Hakuwa na baba wala mama, ila dada yake Qiulan, aliyemlea tangu utotoni. Ikaja njaa. Qiulan akafungua ghala la mfalme, akawagawia nafaka watu wa ng'ambo ya mto, nao walikuwa maadui. Gao akakasirika, akamfukuza.

Desturi ya huko ilikuwa hivi: aliyefukuzwa hungoja mpakani. Akiletewa bangili ya yu iliyo nzima, hurudi nyumbani. Akiletewa yenye pengo, harudi tena maisha yake yote.

— Bibi, yeye aliletewa ipi?

Subirini, wajukuu zangu.

Gao alimwendea mchongaji, mama mmoja mzee aitwaye Weishu, akamwamuru akate pengo kwenye bangili. Weishu hakubisha. Alisema tu kwamba yu haikatwi kwa kisu, hukatwa kwa uzi, maji na mchanga, polepole. "Mimi nitatia maji na mchanga," akamwambia. "Uzi utavuta wewe, mfalme, kwa kuwa dada ni wako."

Gao akaketi, akavuta uzi. Fwii, fwii, fwii.

— Fwii, fwii, fwii.

Jiwe likasema taratibu, kama mtu anayeongea usingizini: "Gao, ulipozama mtoni, nani alikutoa?"

Mkono ukasimama. Lakini Gao alikumbuka ghala lake, akavuta tena. Fwii, fwii, fwii.

— Fwii, fwii, fwii.

"Gao, ulipougua homa, nani alikesha nawe?"

Safari hii aliuacha uzi mpaka mchanga ukakauka. Weishu akaulowanisha. Gao akavuta, ila kwa unyonge. Fwii... fwii...

— Fwii... fwii...

"Gao, kila mtu anakuita mfalme. Ukishanikata, nani atakuita kwa jina lako?"

Uzi ukamponyoka. Alitafuta ile hasira moyoni, asiione. Ilikuwa imesagika pamoja na mchanga, ikaenda na maji. Weishu akataka kuisugua bangili ili alama ya uzi ifutike. Gao akakataa, akasema ipelekwe vilevile.

Mpakani Qiulan akaipokea kwa mjumbe wa mfalme. Akapitisha kidole, akakuta mkwaruzo, akafumba macho. Akaendelea kupitisha. Mkwaruzo haukufika upande wa pili. Akamwuliza mjumbe nani aliyeanza kukata akaacha. Akajibiwa kuwa ni mfalme mwenyewe.

Qiulan akalia. Kisha akaivaa, akarudi nyumbani, na nyuma yake wakaja wale wenye njaa wa ng'ambo ya mto, wazee na watoto, wakitoka kwenye ukungu kama watu wa ndotoni.

— Mfalme akawafukuza?

Hapana. Gao alitoka nje peke yake. Akawatazama sana. Halafu akasema, "Dada, nishikie mlango wa ghala, ni mzito." Wakaufungua wote wawili.

Wanangu, ukiwa na hasira na nduguyo, usiharakishe kumkata. Fanya polepole, ujisikilize.

Hadithi yangu imefika mwisho, nami naiacha ipumzike.